Jukwaani Nako Kuna Shule

Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wazazi na walezi, Kharumwa



Mwezi uliopita mzee mmoja alifika ofisini kwangu na bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha kidato cha nne cha binti yake, ambaye anataka kusomea uimbaji na uigizaji wa jukwaani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo ni kazi au ni uhuni?" Sikumjibu vya kutosha siku ile. Nimeona nimjibu mbele yenu, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Nianze kwa jirani. Lupita Nyong'o wa Kenya, ambaye wengi wenu mmemwona katika filamu, alipanda jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, akiigiza Juliet wa Shakespeare. Baadaye alisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akahitimu mwaka 2012. Mwaka 2009, angali mwanafunzi, ilioneshwa pale tamthilia ya Danai Gurira iitwayo Eclipsed, inayohusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba. Kazi ya mtu huyo ni kuyajua maneno yote ya mwenzake na kila hatua yake, kisha kukaa pembeni akisubiri.

Mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar. Angeweza kubaki kwenye filamu. Lakini mwaka 2015 aliirudia tamthilia ileile jijini New York, sasa akiwa mwenye nafasi, na mwaka 2016 ikaingia Broadway, naye akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Huko maonyesho huwa 8 kwa wiki. Mhuni hamalizi wiki ya kwanza.

Wala hayo si mageni kwetu. Ngoma za Bagika na Bagalu zina mazoezi marefu na ushindani mkali, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Bibi zetu waliimba, wakacheza na kuigiza kwa pamoja. Walichokosa ni cheti tu.

Cheti sasa kipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na leo kinaitwa TaSUBa. Hufundisha muziki, ngoma na maigizo, na mwombaji hutakiwa awe amemaliza kidato cha nne. Binti anayeacha shule ili awahi jukwaa amejifungia mlango huo mwenyewe.

Hofu ya mzee naielewa. Bagamoyo ni mbali, kipato cha msanii hakina tarehe, na wapo wanaowarubuni mabinti kwa jina la sanaa. Hasa kwa sababu hiyo ya mwisho, ni heri apite chuoni kuliko kumfuata mtu aliyekutana naye machimboni akamwahidi kumrekodi.

Mzee wangu, nakuona umekaa hapo. Bahasha yako uliiacha mezani kwangu, nami nimeitunza. Njoo na binti mwenyewe. Afisa Utamaduni atakaa nanyi, tujaze fomu ya maombi pamoja.