Daftari la Haki Wakati wa Vita

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Nachingwea na Ruangwa)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mashauri ya mataifa kuhusu haki za wanadamu katika nchi iliyo vitani. Mtu aweza kudhani ya kuwa jambo hili ni la wakubwa wa New York na Geneva, wala halimhusu karani wa wilaya. Lakini jambo lenyewe lilipita mlangoni petu, tena lilitembea kwa kalamu na daftari, ambavyo ndivyo vyombo vya kazi yetu.

Vita ya kuikomboa Msumbiji ilianza tarehe 25 Septemba 1964, na FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo hapa Nachingwea, mahali paitwapo Farm 17. Wareno walikuwa wamekwisha kujiwekea kinga ya maneno. Mwaka 1951 walilifuta neno koloni katika sheria zao, wakaiita Msumbiji jimbo la Ureno ng'ambo ya bahari, ili mtu akiuliza wapate kujibu ya kuwa hayo ni mambo ya nyumbani mwao. Tarehe 15 Desemba 1960 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikataa jibu hilo, likaitaka Ureno itoe habari za nchi ilizozitawala. Ureno haikukubali. Maazimio yakaongezeka mezani, na vita ikaendelea.

Kisha tarehe 16 Desemba 1972 askari wa Ureno waliingia Wiriyamu na vijiji vya jirani, katika jimbo la Tete, wakaua watu karibu 400, wanaume, wanawake na watoto. Mapadre waliokuwa karibu hawakuridhika kuandika ya kuwa watu wengi wamekufa. Waliwauliza waliosalimika, wakaandika majina ya wafu, mmoja mmoja. Karatasi hizo zilitolewa nje ya nchi kwa siri hata zikamfikia Padre Adrian Hastings, Mwingereza, na tarehe 10 Julai 1973 habari zake zikatoka katika gazeti la The Times la London, siku chache kabla ya Waziri Mkuu wa Ureno, Marcello Caetano, kuwasili huko kwa ziara ya heshima. Wareno walikana, hata ikadaiwa ya kuwa kijiji cha jina hilo hakipo. Lakini majina yalikuwapo. Mwezi wa Desemba 1973 Baraza Kuu liliunda tume ya kuyachunguza mauaji hayo. Sisemi ya kuwa karatasi ndizo zilizomaliza vita. Nasema zilimnyima mwenye kosa mahali pa kujificha. Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na damu ni vivyo hivyo.

Sasa, ndugu zangu, nafika penye uzito. Mkataba wa Lusaka ulitiwa sahihi tarehe 7 Septemba 1974. Mwaka uliofuata, majuma machache kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni 1975, wafungwa walioitwa wasaliti waliletwa mbele ya watu hapa hapa Nachingwea. Miongoni mwao alikuwamo Mchungaji Uria Simango, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO, naye alisomeshwa karatasi ya kukiri makosa yake. Hapakuwa na hakimu, wala wakili, wala rufani. Baadaye waliuawa kwa siri katika nchi yao, yeye na wenzake kadhaa, na jamaa zao hawakukabidhiwa maiti wazike.

Mtu atasema ya kuwa wengine kweli walikwenda kwa adui, kama Lázaro Nkavandame mwaka 1969. Nakubali. Lakini kosa la mtu ni sababu ya kumpeleka mbele ya hakimu, si sababu ya kumnyima hakimu. FRELIMO hao hao waliwahi kuwaachilia askari wa Kireno waliowateka vitani, na dunia ikawasifu, na sifa hiyo iliwastahili. Mbona huruma aliyopewa mgeni ilikosekana kwa ndugu? Wala Umoja wa Mataifa haukuunda tume kwa ajili ya hao wa Nachingwea. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Yatupasa kuandika majina na tarehe kama yalivyo, tusiongeze tusiloliona, wala tusichane ukurasa kwa sababu unawaaibisha watu wa upande wetu. Balozi hunena kwa yale yaliyoandikwa. Yasipoandikwa, atanena nini? Ardhi waliyosimama wafungwa wale ni yetu, na kwa hiyo ukurasa wao pia ni wetu kuutunza.