Njia ya Kwenda Kazini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Malampaka)



Halmashauri imeniagiza ninene juu ya safari ile fupi ambayo kila mmoja wetu huifanya mara mbili kwa siku, asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Huenda mtu akauliza, je, hilo nalo ni jambo la kuhutubiwa? Mimi pia nilidhani hivyo, hata nilipokaa nikahesabu fedha zangu.

Miaka michache iliyopita nilikopa nikanunua pikipiki. Aliyenikopesha simtaji. Kutoka nyumbani kwangu hata ofisini hapazidi kilometa 3, nami siku zote nilikuwa nikienda kwa baisikeli. Sikununua kwa sababu ya umbali, nilinunua kwa sababu ya maneno. Mtu mmoja aliniona naegemeza baisikeli yangu mtini akasema, "Karani mzima, waja kazini kama muuza maziwa!" Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini neno lile liliniingia moyoni. Basi mshahara ukawa wakatwa deni kila mwezi, na katika kilichosalia nikanunua petroli, tairi na vyuma. Mwezi wa Januari mwanangu alikwenda shule na sare ya mwaka uliopita, imembana mabegani. Mwisho nikaiuza pikipiki kwa hasara. Namwona Bwana Mweka Hazina anatabasamu, kwa kuwa ndiye aliyeniazima fedha ya unga mwezi ule.

Sisemi ya kwamba pikipiki ni kitu kibaya. Mwenye kuzunguka vijijini, au muuguzi aitwaye usiku wa manane, hana budi kuwa nayo. Nasema juu yetu tukaao karibu.

Na muuza maziwa, ana aibu gani? Nchi hii ya Usukuma ni nchi ya baisikeli. Fedha za pamba zilinunua Raleigh nyingi, na baadaye Phoenix, na juu yake wazee wetu walichukua magunia, wagonjwa hata maharusi. Huko Shinyanga baisikeli zichukuazo abiria ziliitwa daladala, jina ambalo Dar es Salaam ni la basi. Yaliyowafaa baba zetu yamekuwaje haya kwetu kwa kuwa tumevaa tai?

Liko na jambo la moshi. Lita 1 ya petroli haifiki uzito wa kilo 1, lakini ikiungua hutoa hewa ya kaboni yenye uzito wa kilo 2 na zaidi, maana kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoke. Sitaki kuwadanganya kwamba karani mmoja wa Malampaka akiacha pikipiki mvua itanyesha. Sehemu kubwa ya moshi huo imetoka katika mataifa yenye viwanda. Lakini ukame ujapo hauulizi ni nani aliyewasha moto, nasi twaishi kwa pamba na ng'ombe.

Sasa nijibu neno ambalo naliona midomoni mwenu: matope. Ni kweli. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbugani hushika magurudumu yasizunguke, na mpanda baisikeli hupandwa nayo begani. Siku hizo sitamlaumu mtu. Ila yafaa watu wa njia moja washirikiane bajaji moja, wala si kila mtu na bodaboda yake. Kadhalika tuitwapo Maswa au Bariadi kwa kazi, wanne waweza kupanda gari moja. Na kwa safari ndefu tusisahau kwamba reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 hupita hapa kwetu, na ile ya kisasa ya Mwanza mpaka Isaka, kilometa 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, imepangwa kupita hapa pia.

Lakini hatuwezi kuwahimiza watu kwa maneno matupu. Baisikeli ikiachwa juani huharibika mipira, na ikiachwa wazi huibwa. Naomba Chama kiwaandikie wakubwa wetu, kwa heshima, tupate kibanda cha mabati chenye nguzo za kufungia, na chumba kidogo chenye maji, mtu afute jasho na kubadili shati kabla ya kukaa mezani. Mabibi wameniambia ya kwamba chumba hicho kwao ni cha lazima kuliko kibanda. Naomba tena, wakubwa wenyewe waje kwa baisikeli au kwa miguu, ijapokuwa siku moja kwa juma, maana neno lile la muuza maziwa halitasemwa mbele yao.

Bwana Katibu anayo karatasi. Kila mtu aandike jina lake, mahali akaapo, na saa atokayo nyumbani, ili wa njia moja wajuane kabla ya mvua za Novemba.