FAILI LIMEUNGUA, USHAHIDI ALETE MZEE!

Ndugu zangu vijana, mchukueni mzee wa Kimarekani aliyepigana Korea, akajeruhiwa, akarudi nyumbani bila nishani yake. Tangu 1946 sheria inamruhusu kuiomba bodi ya raia irekebishe kumbukumbu zake za jeshi. Safi! Lakini ushahidi alete mwenyewe. Autoe wapi? Julai 12, 1973 moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu karibu na St. Louis, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Nakala hakuna!

Serikali ndiyo iliyotunza, mikononi mwake yameungua, anayeulizwa ni mzee! Basi anahangaika na barua za zamani, hati za mshahara, kiapo cha mwenzake wa kikosi. Na wenzake, vijana, wanakwisha.