Joto Nalo ni Hatari ya Kazini



Tunapotaja ajali za kazini, fikra zetu hukimbilia mashine iliyokata mkono au mgodi ulioporomoka. Ni nadra mtu kulitaja jua. Hata hivyo, Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yake ya Aprili 2024, lilikadiria kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupita kiasi kila mwaka, na kwamba joto hilo husababisha majeraha milioni 22.85 na vifo 18,970.

Wapo watakaosema kuwa Songea ni nyanda za juu, na baridi yetu ya Juni na Julai yajulikana. Ni kweli, lakini jembe halilimi Julai. Mvua zetu ni za msimu mmoja, nazo huanza Novemba au Desemba. Kwa hiyo mashamba hutayarishwa Oktoba na Novemba, wakati wa jua kali. Mvua zikichelewa, kipindi hicho hurefuka. Zikianza ghafla, kila mwenye shamba hutaka ngwe zake zimalizike siku ile ile.

Anayezilima ni kibarua, naye hulipwa kwa ngwe, si kwa saa. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kwa kibarua wa ngwe, dakika hizo hutoka mfukoni mwake mwenyewe, basi hapumziki. Mwili hujipoza kwa jasho. Maji yakipungua mwilini figo huumia, na joto la mwili likipita nyuzi 40 akili huvurugika, mtu akaanguka. Majirani husema ni malaria.

Kuna na jambo la sumu. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, mkulima wa mahindi amelazimika kushika bomba la dawa. Mpulizaji hutakiwa kuvaa glavu, buti, barakoa na ovaroli. Nani atavumilia mavazi hayo saa sita mchana? Huyavua, na ngozi iliyolowa jasho huipitisha sumu kwa wepesi zaidi. Kule Namtumbo, mchumaji wa tumbaku akishika majani mabichi yaliyolowa mvua au umande, nikotini hupenya ngozini. Hupata kizunguzungu na kutapika, kisha hungoja zamu ya moshi wa bani.

Sheria Namba 5 ya mwaka 2003, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Lakini mkaguzi hawezi kufika kila konde. Wala tusimtafute mwajiri huyo mbali, Ndugu zangu. Watumishi na walimu wengi wa mkoa huu wana mashamba ya mahindi, na mshahara wa mwisho wa mwezi ndio ulipao ngwe. Mwajiri wa kibarua, mara nyingi, yumo ukumbini humu.

Mwajiri wa namna hiyo hahitaji waraka kutoka Dodoma. Aanzishe kazi saa 12 asubuhi na kuisimamisha saa 5. Apeleke maji shambani. Apunguze ukubwa wa ngwe bila kupunguza malipo, ili pumziko lisiwe hasara ya anayepumzika. Dawa ipulizwe alfajiri au jioni, upepo ukiwa umetulia, na mavazi ya kinga yawe ya mwenye shamba, si ya kibarua kujinunulia. Walimu nao watazame shamba la shule: zamu ya jembe ihamishwe kutoka saa 8 mchana hadi asubuhi, na mwanafunzi asikabidhiwe bomba la dawa hata siku moja.