Mgeni Ana Bima, Mji Je?

Msikilizaji, tangazo ulilisikia. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, kila mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar anatakiwa kukata bima ya safari kwa Shirika la Bima la Zanzibar, iliyotangazwa kwa dola 44 kwa mtu mzima. Watu walibishana juu ya bei: kubwa, si kubwa, itafukuza wageni, haitafukuza. Sisi hatuna ugomvi na bei. Mgeni amekatiwa bima. Mji Mkongwe umekatiwa na nani?

Tumfuate mgeni wa siku moja. Anashuka bandarini Malindi na boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, na ndege yake ni ya usiku. Mchana mmoja tu ndio alionao wa kuujua mji wetu. Anapita Forodhani, bustani iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, na kwa kweli inapendeza. Sisi wenyewe jioni hatukosekani pale. Anafika Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, anatoka hana neno. Darajani ananunua karafuu na mdalasini. Mji umeamka, nani atakataa? Lakini akirudi upande wa bahari, ubavuni mwa Ngome Kongwe anakutana na uzio.

Ndani ya uzio huo ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tulionywa. Tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande wa mbele uliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Mgeni anapiga picha, anaondoka. Sisi tulibaki na kifusi, na swali ni lile lile: mji umekatiwa bima na nani?

Tusidhani ni jumba hilo peke yake. Ingia Kiponda, ingia vichochoro vya Malindi, usimame mbele ya ukuta mmoja uutazame vizuri. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa inapumua. Mvua ikiulowesha ukuta, jua likitoka unakauka. Sasa anakuja fundi na saruji, kwa sababu saruji iko kila duka na inakauka upesi, anaupiga plasta ukuta ule mpaka unang'ara. Maji yanapenya kwenye ufa, hayana pa kutokea. Yanashuka ndani kwa ndani hadi kwenye kichwa cha boriti, pale ilipochomekwa ukutani, na boriti inaoza bila mtu kujua. Masika moja, masika ya pili, sakafu iko chini.

Tumelisema hili katika kipindi hiki, na leo tunalisema tena: chokaa, si saruji. Na jengine tulilolisema: nyumba inataka watu. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ukiwa na watu wake, na baraza zake za kukaa wazee, na vyuo vyake vya Kurani, na majirani wanaopelekeana futari. Familia zikishindwa na dari inayovuja zinahamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nyumba zinageuka hoteli au zinabaki za popo. Mgeni atakuja kutazama nini? Milango?

Tunajua bima ile ni ya matibabu na mizigo ya mgeni, si ya kuta zetu. Lakini serikali iliyoweza kuweka dola 44 kwa tangazo moja haiwezi kutuambia kwamba boriti hazina fungu. Waheshimiwa wawakilishi, ulizeni barazani: katika kila anacholipa mgeni, kiasi gani kinarudi kwenye nyumba anazokuja kuzitazama? Ulizeni, na msikae chini mpaka mjibiwe! Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985. Isimamie chokaa kwa mkono mzito, kwa mwenye hoteli na kwa mwenye chumba kimoja. Wasimamizi wa nyumba za wakfu nao wasingoje ukuta upinde ndipo waite fundi. Wenye hoteli, chukueni vijana wa mitaa mnayokaa, walipieni wajifunze kwa mafundi wazee kuchoma chokaa na kupachika boriti, kabla wazee hao hawajatutoka. Na wewe mkaazi, ukiona ufa, kapige ripoti leo, usingoje jirani akutangulie!

Bima ilianza Oktoba, na mvua za vuli nazo huanza Oktoba. Anzeni kukarabati nyumba ambazo watu wamelala ndani.