Maana na Asili ya Neno "Kaya"

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Chunya)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo litakalowafaa wakubwa na wadogo, ikanionya pia nisichukue muda mrefu, maana chakula kinapoa. Basi nimechagua neno moja tu, nalo ni kaya. Kila mmoja wetu amelisikia: wakati wa sensa, katika mikutano ya kijiji, na katika fomu za serikali. Lakini ukiuliza maana yake, mmoja atakwambia ni familia, wa pili ni nyumba, wa tatu ni ukoo. Hayo ni mambo manne mbalimbali, na anayeyachanganya anaweza kumpotezea mtu haki yake.

Kwanza nieleze asili ya neno lenyewe. Ni rahisi kudhani kwamba kaya limetokana na kitenzi kukaa. Sivyo. Kukaa cha Kiswahili zamani kilikuwa kukala, na Wagiriama bado wanasema hivyo hadi leo. Lakini hao hao Wagiriama, pamoja na Wadigo na Wamijikenda wengine, husema kaya, bila sauti ya "l" ndani yake. Basi haya ni maneno mawili, kila moja na shina lake. Kwa Wamijikenda, kaya ni mji wa kale uliozungukwa na msitu, kama Kaya Kinondo na Kaya Fungo. Misitu hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Sisi wa huku hatuna haja ya kwenda pwani kulitafuta. Mnyakyusa anayerudi nyumbani husema anakwenda kukaja. Mhehe na Mbena husema kukaye. Msukuma, ambaye siku hizi tunaye kwa wingi na ng'ombe wake hapa Chunya, husema kaya. Mzulu kule Afrika ya Kusini husema ikhaya. Kwa hiyo ni neno la kale la Kibantu lenye maana ya nyumbani au mji wa mtu. Hatukuliazima kwa yeyote.

Sasa tulitenge na wenzake. Nyumba ni jengo. Ukoo ni watu wa babu mmoja, hata kama wengine wako Tukuyu na wengine Mafinga. Familia ni neno la Kilatini. Kwa Warumi lilikuwa na maana ya wote waliokuwa chini ya amri ya bwana mwenye nyumba, watumwa wakiwamo. Leo tunalitumia kwa watu wa damu na ndoa. Lakini kaya, kwa maana inayotumiwa na serikali, ni mtu mmoja au watu kadha wanaoishi pamoja na kushirikiana chakula na mahitaji mengine ya maisha. Damu haiulizwi, wala paa haliulizwi. Kinachoulizwa ni chungu.

Natoa mifano ya hapa hapa. Wilaya hii imezoea wageni tangu dhahabu ya Lupa ilipoanza kuvuta watu katika miaka ya 1920. Chukueni vijana sita wachimbaji wanaolala katika banda moja huko Matundasi au Makongolosi. Wakichanga fedha, wakanunua unga na kupika pamoja, wao ni kaya moja, hata kama mmoja ametoka Kigoma na mwingine Singida. Lakini kama kila mmoja anajitegemea, huyu anakula kwa mama lishe na yule anajipikia, hapo pana kaya sita chini ya bati moja. Baba anayefanya kazi Dar es Salaam na kulala huko mwaka mzima ni wa familia yake iliyoko hapa, lakini kaya yake iko huko. Mwanafunzi anayeishi kwa mjomba wake ni wa kaya ya mjomba.

Historia inatufundisha kwamba unachochagua kukihesabu kina matokeo yake. Wajerumani walipoanzisha kodi mwaka 1898 walihesabu nyumba, na mwenye vibanda vingi akadaiwa zaidi. Siku hizi tunahesabu ili kupanga maji, shule na zahanati. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 61,741,120 nchini, na kwa wastani watu 4.3 katika kila kaya. Karani akiziunganisha kaya mbili kuwa moja, idadi ya watu haibadiliki, lakini idadi ya kaya inapungua na mipango inakwenda upande.

Linaloniuma zaidi ni hili. Yuko mama mjane anayeishi katika kibanda nyuma ya nyumba ya mwanawe. Mwana ana kazi na mshahara, lakini mama anajitafutia kuni, anajipikia, anakula peke yake. Kiwanja ni kimoja, damu ni moja, ila kaya ni mbili. Mwaka 2012 TASAF ilianzisha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na majina ya wahitaji yalianzia katika mkutano wa kijiji au mtaa. Mtu akisimama mkutanoni akasema, "Huyu ni wa kwa fulani, ana mtoto mwenye kazi," na wote wakanyamaza, basi mama huyo hakuandikwa. Hakuna aliyesema uongo. Limechanganywa neno moja tu, familia na kaya, naye analala na njaa.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa ni watendaji, walimu na makarani. Fomu hizo hupita mikononi mwetu. Nawaomba, kabla ya kuandika, tuulize swali moja: nani anakula na nani? Wala tusimwandike mwanamume kuwa mkuu wa kaya kwa sababu ni mwanamume; mkuu ni yule ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua hivyo, na mara nyingi ni mama. Nanyi vijana, mikutano ya mtaa mtakaohamia itawahitaji. Msikae kimya pale neno linapotumiwa vibaya, kwa kudhani kuwa hilo ni kosa dogo la lugha.

Mwenyekiti ananitazama, na harufu ya pilau imefika hapa mbele. Leo sote tutakula sufuria moja. Kwa mchana huu tu, tuhesabiwe kaya moja.