Sayansi Huanzia kwenye Beseni la Udhu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Walimu wetu, wazazi na ndugu zangu katika Uislamu,

Watoto wetu wa gredi ya 4 hadi ya 6 wanasoma mazingira shuleni. Muulize yeyote, atakwambia maji ni uhai. Kisha mtazame akitawadha: bomba liko wazi mpaka mwisho, naye anapiga soga na mwenzake. Je, hajui? Anajua. Lakini amekariri tu, hajapima.

Basi na apime. Maalim, weka beseni chini ya bomba. Kila mtoto atawadhe kama kawaida yake, kisha ayapime maji yale kwa jagi lenye alama za lita na aandike daftarini. Siku ya pili atawadhe kwa kopo, apime tena, achore grafu.

Hapo ndipo mumsomeshe hadithi ya Anas bin Malik (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Ndicho kibaba chetu, robo ya ile pishi ya Zakatul Fitri: ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima, haufiki lita moja. Mtoto akiiangalia grafu yake, hahitaji kukemewa.

Halafu muulizeni: maji haya yatoka wapi? Kwa sisi wa Mombasa, sehemu yake hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo. Mvua hunyesha vilima vya Chyulu, ikapenya miamba ya volkano, ikaibuka Mzima, kisha ikaletwa kwa mabomba. Akichora njia hiyo, ataelewa kwa nini msitu wa Chyulu unamhusu yeye aliye Majengo.

Kuna atakayesema, "Mimi si mwalimu wa sayansi." Maalim wangu, beseni, jagi na daftari vyatosha. Tukimwachia mwalimu wa shule peke yake, mtoto atapita mtihani na bomba litabaki wazi.

Wazazi, Ramadhan hii kiu yenyewe inatufunza thamani ya maji. Jaribuni nyumbani kabla ya Magharibi, na maji ya beseni mwagieni mwarobaini.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushukuru neema Zake. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.